Namna ya kuchora penzi la kwanza la wasichana wawili

Nauza madaftari na kalamu karibu na stendi ya Mtwara, na nikishafunga duka nachora. Huu mwaka wa nne nachora hadithi moja tu, ya Somoe na Tatu, wanafunzi wa kidato cha tatu huko Mikindani ambao wanapendana. Wadogo zangu kadhaa wanaojifunza kuchora wameniuliza nafanyaje hadi msomaji ajishike kifua wakati wasichana wenyewe hawajasemezana hata neno. Nitaeleza ninavyofanya mimi.

Kabla ya sura, panga majira. Mimi napimia mikorosho. Mwezi wa sita mikorosho inachanua na watu wako mashambani wanapuliza salfa. Hapo Tatu anahamia shuleni na kukalishwa dawati moja na Somoe. Mwezi wa kumi mabibo yanaanguka, na hapo ndipo mmoja anasema lililo moyoni. Miezi minne yote hiyo naijaza vitu vidogo: kalamu iliyoazimwa ikachelewa kurudi, nafasi iliyowekwa kwenye bajaji, jina lililoandikwa pembeni ya daftari la Jiografia kisha likafutwa, lakini alama ya penseli ikabaki kwenye karatasi. Ukiwaunganisha ndani ya kurasa tatu, msomaji hatakuwa na cha kungojea, na utamu wote wa hadithi hizi umo katika kungojea.

Mimi nimekulia kwenye magazeti ya Sani ya mjomba wangu. Katuni zile zilinifundisha kubana: Madenge anafanya utundu, unacheka, unafunua. Manga, yaani hadithi za katuni za Wajapani, zikanifundisha kuachia. Kisanduku kizima cha picha ni mkono ulioshika mkanda wa begi, basi. Wajapani hadithi za wasichana wanaopendana wanaziita yuri, maana yake yungiyungi. Mwaka 1974 Hagio Moto, mchoraji wa Kijapani, alianza kutoa manga ya wavulana wa shule ya bweni wanaopendana, na ile inafunguka kwa kifo. Nyingi za zamani zilikuwa na msiba ndani yake, naelewa kwa nini, lakini wangu siwaziki. Niliposoma kurasa ambazo Alice Oseman wa Uingereza alianza kuziweka mtandaoni mwaka 2016, wavulana wawili wa shule, na majani yanayopeperuka kati ya visanduku moyo unapokwenda mbio, nililia kwa furaha. Majani yale mimi nimeyageuza maua ya mkorosho, madogo, yenye rangi ya waridi. Tatu akicheka, yanadondoka matatu au manne juu ya ukurasa, hata kama wako darasani.

Kuhusu upande wa kusomea: manga inaanzia kulia. Aliyepita madrasa hatapata shida, mkono wake umeshazoea, ila maneno yetu tunayaandika kuanzia kushoto, kwa hiyo panga visanduku kuanzia kushoto pia. Usimchoshe msomaji bure.

Sasa tuje pantoni ya Msangamkuu, kwa sababu hapo ndipo nilipochora na kufuta mara nyingi kuliko pote. Wasichana wamesimama kwenye ukingo, pikipiki na matenga ya samaki nyuma yao. Kisanduku cha kwanza kiwe kipana, bahari na watu wote, ili ijulikane kwamba hawako peke yao. Cha pili, miguu yao minne, ndala moja imekatika ikafungwa kwa kamba. Cha tatu, chuma cha ukingo na mikono miwili, katikati pana nafasi ya kiganja kimoja. Cha nne kirudie cha tatu, pembe ileile, ila nafasi imepungua kuwa ya vidole viwili. Cha tano tena, na vidole vidogo vimegusana. Usichore nyuso hapo. Ukichora nyuso unamwambia msomaji ajisikie vipi, wakati mikono imeshamwambia. Uso uje kwenye cha sita, wa Somoe peke yake, anatazama maji, na sikio lake umelitia kivuli cha penseli. Nafasi nyeupe kati ya visanduku vitatu vya katikati iongeze, nusu sentimita zaidi. Jicho likichelewa kuvuka, moyo nao unachelewa.

Sauti uziandike Kiswahili. Wajapani moyo wao unapiga doki doki. Wa Somoe unapiga du, du, du, herufi zikikua kuelekea pembeni. Kimya kiandike jii, herufi nyembamba, juu kabisa.

Lugha yetu imetupa zawadi hapa. "Nampenda" haisemi kama ni msichana au mvulana, "mpenzi" vilevile, na "mwenzangu". Wapo wanaoitumia zawadi hii kuficha, wanaonyesha mabega tu hadi mwisho ili msomaji ashtuke. Mimi sipendi. Mapenzi ya hawa si kitendawili. Muonyeshe Tatu tangu ukurasa wa kwanza, kisha mpe Somoe maneno yaleyale ambayo bibi zetu walitumia, pasipo kubadilisha hata herufi.

Wana miaka kumi na sita, kwa hiyo penzi lao linaishia kwenye mikono, macho na barua. Halihitaji kuvuka hapo.

Neno la tahadhari, na nalisema kwa uchungu. Usichore mtu aliyepo. Mwaka wa kwanza nilimpa Tatu mwanya na kovu la nyusi la binti wa mtaani kwetu, na mteja mmoja akamtambua. Nilichana kurasa kumi na moja usiku ule. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu kujamiiana kinachoita "kinyume na maumbile", kina kifungo cha miaka thelathini hadi maisha, na uvumi mtaani hausubiri mahakama. Basi shule isiwe na jina, sare isiwe ya shule inayojulikana, na jina lako usiliandike. Unayemwonyesha awe mtu uliyempima.

Siku ya kusema, wape bibo. Tatu analimega, maji yake yanachuruzika kwenye shati jeupe la Somoe, na doa la bibo halitoki. Nimelichora doa hilo katika kila ukurasa unaofuata, sifafanui, na wasomaji wote wameliona.

Mwisho sichori harusi wala safari ya Dar. Nachora doti moja ya kanga, jina lake Wawili wakipendana adui hana nafasi. Somoe anaikata katikati, anampa mwenzake kipande kimoja. Kisanduku cha mwisho kiwe kirefu, kuanzia juu ya ukurasa hadi chini: nyua mbili, kamba mbili za kuanikia, na pande mbili za doti ileile zikipepea upande mmoja, kwa upepo wa baharini. Pindo lichore kwa kalamu nyembamba, na herufi za jina uzihesabu kwanza zisije zikakuishia nafasi.