Msikubali mwili utiwe dawa kabla hamjaamua: mazishi ya asili Uingereza

Ndugu zangu mlio Uingereza, anti yangu ameshazikwa na hakuzikwa vile alitaka. Alisema wazi akiwa hospitali, mnizike huku huku kwenye shamba la miti, sanduku la matete au hata sanda tu, msichangishe watu kunirudisha. Makaburi ya aina hiyo yako mengi, la kwanza lilifunguliwa Carlisle mwaka 1993, hakuna saruji na mara nyingi hakuna jiwe, unapandiwa mti.

Sasa hapa ndipo tuliumia. Grupu ya WhatsApp ya Nairobi ilikuwa inawaka, kamati ya mazishi imeshakaa mtaa wa Umoja mara mbili, kila mtu anauliza mwili unatua uwanja wa ndege wa JKIA lini, na mimi sijalala. Kampuni ya mazishi ya huku ikanipigia kuuliza kama watie dawa ya kuzuia mwili usioze, nikasema ndio, nikasaini. Kwetu mwili ukifika mochari unatiwa dawa, nani huuliza? Wiki moja baadaye mchango umekwama, wazee wakasema basi azikwe huko huko, nikapigia shamba la miti nikiwa na furaha kwamba angalau neno lake litatimia, na swali lao la kwanza likawa: ametiwa dawa? Wakakataa. Hawataki formalini, yaani hiyo dawa, kwenye udongo wao. Tukaishia makaburi ya kaunsili, na jiwe juu.

Narudia, msikubali dawa kabla hamjaamua. Sheria ya Uingereza hailazimishi, mwili unakaa kwenye friji wiki mbili, tatu bila shida. Dawa ni ya safari: ndege inataka mwili uliotiwa dawa na sanduku lenye zinki ndani, na mashamba mengi ya miti yanakataa vyote viwili. Ukishamwandaa kwa ndege, huko kwingine umejifungia mlango mwenyewe.

Kusajili kifo England mna siku 5, hiyo ni rahisi. Sanduku si lazima kisheria, sanda inatosha.

Lingine: matakwa ya marehemu hayamfungi mtu kisheria England, hata yakiwa kwenye wosia. Anayeamua ni msimamizi wa wosia, kwa hivyo chagueni mtu ambaye hatatikiswa na grupu.

Na nyinyi wa nyumbani, nawapenda, lakini acheni kusema haya ni mambo ya wazungu. Wangari Maathai mwaka 2011 alikataa sanduku la mbao, akawekwa kwenye la magugu maji, mafunjo na mianzi, akachomwa pale Kariokor, Nairobi. Na majirani zetu Waislamu wa Eastleigh wanazika kwa sanda tangu zamani, hakuna anayewauliza.

Mkichagua kuchoma ni rahisi kuleta majivu Nairobi, beba cheti cha kuchomwa na uulize ndege mapema. Ila moto huo mara nyingi ni wa gesi, kwa hivyo kwa mazingira shamba la miti bado linashinda.

Watu wa huku wananichanganya sana. Kifo ni siri ya nyumba, hakuna aliyekuja kukaa na sisi, hakuna chai, mazishi watu tisa. Lakini ni nesi wa huku aliyemuuliza anti mwenyewe angependa kulala wapi, jambo ambalo sisi watoto wake tuliogopa miaka yote tukidhani ni kumtakia mabaya, na alijibu bila kusita, akitabasamu.

Usiku ule simu ikilia, hata kama grupu inapiga kelele, jibu ni moja: muwekeni kwenye friji, dawa bado, tutawaambia.