SOMO: Mjamzito anayekoroma na kukata pumzi usingizini

Swali hili, mjamzito anayekoroma afanye nini, linaulizwa kuliko bei ya migebuka, samaki wetu wa Kigoma, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kukoroma peke yake si ugonjwa. Angalia kukata pumzi: mtu akisinzia misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa kishindo na kulala tena. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kichwa kinauma, mdomo umekauka, na mchana anasinzia akichambua dagaa. Mimba inachochea kwa sababu pua huvimba kwa ndani, uzito huongezeka, na tumbo husukuma mapafu juu.

1. Rekodi. Simu iwe karibu na kichwa, kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Baba ahesabu sekunde za ukimya kabla ya kishindo. Usiku mitatu inatosha. Rekodi haithibitishi ugonjwa, ila inampa daktari cha kusikiliza.

2. Presha ipimwe kila hudhurio la kliniki. Omba pia sukari na wingi wa damu. Damu ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita inaleta uchovu uleule, usije ukalisingizia koo.

3. Lala ubavu, hasa kuanzia wiki ya 28. Kunja khanga uiweke nyuma ya mgongo. Ukijikuta chali, geuka tu.

4. Inua kitanda, USIRUNDIKE MITO. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mito mitatu inakunja shingo, kidevu kinagusa kifua, na koo linabanwa zaidi ya ulipolala bapa. Kinachotakiwa ni mwili kuanzia kiunoni kwenda juu uwe kwenye mteremko. Weka matofali ya kuchoma chini ya miguu miwili ya kitanda upande wa kichwani, upate kama sentimita 15 hadi 20. Pima pande zote mbili kwa rula, maana tofali hazilingani. Sakafu ya udongo: weka ubao kwanza, la sivyo mguu mmoja utazama usiku. Kitanda kinachotikisika usikiinue kabisa; kunja blanketi nene chini ya godoro kuanzia kiunoni. Halafu angalia chandarua! Kitanda kikipanda, upande wa kichwani chandarua kinakuwa kifupi na mbu wanaingia. Kishushe, ukichomeke upya. Malaria kwa mjamzito si ya kuchezea, na mkoa wetu unayo ya kutosha.

5. Pua ikiziba, isafishe kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Si magadi. Si maji ya ziwani mabichi.

6. Acha pombe na dawa za usingizi.

7. Peleka rekodi kliniki, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo cha usingizi hakipo kila hospitali, piga simu kabla ya kukata tiketi. Akithibitisha, mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa ni salama kwa mjamzito.

Presha 140/90 au zaidi, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu, au mtoto kupunguza kucheza: hospitali sasa hivi, hata usiku.

MASWALI

Baba wa Mwanga: Mkuu, naomba dawa ya kukoroma, wife ana miezi saba.
Mwandishi: Hakuna kidonge. Hatua ya 1 mpaka ya 7, na ya kwanza ni kazi yako wewe.

Dada wa Ujiji: Mimi natumia mito minne na naona sawa tu.
Mwandishi: Unaonaje ukiwa umelala? Muulize anayekusikia.

Bibie wa Kasulu: Samahani mwalimu, koo na presha vinahusiana vipi?
Mwandishi: Swali zuri, dada. Kila pumzi inapokatika mwili unadhani hatari imekuja: mishipa inabana, moyo unakimbia. Ikirudia mara nyingi kila usiku, presha inaweza kubaki juu hata mchana. Wenye tatizo hili hupata kifafa cha mimba na kisukari cha ujauzito zaidi ya wengine. Ukienda kujifungua kwa upasuaji, mwambie mtoa dawa ya usingizi mapema. Baadhi ya dawa kali za maumivu hupunguza msukumo wa kupumua, na anatakiwa akuangalie baada ya operesheni pia.

Bibie wa Kasulu: Asante. Na baada ya kujifungua linaisha?
Mwandishi: Lililoletwa na mimba mara nyingi hupungua. Lililokuwepo kabla hubaki, kwa hiyo pimwa tena baada ya miezi michache.

Mama wa Uvinza: Hayo matofali yamenisaidia na kiungulia, na ugali nakula masaa matatu kabla ya kulala.
Mwandishi: Ndiyo, mama, asidi haipandi mlima. Ila chandarua umekishusha?
Mama wa Uvinza: Ngoja nikaangalie.