Mkomazi kwa wawili: kutoka Dar Ijumaa, kurudi Jumapili

Mkishaamua Alhamisi jioni kwamba wikiendi hii hamlali mjini, kitu cha kwanza kuhesabu ni maji. Petroli na chakula vinapatikana njiani. Hifadhi ya Taifa Mkomazi iko nyuma ya milima ya Usambara na Upare; mawingu yanayotoka baharini humwaga mvua upande wa huku, na nyika ile ya kilomita za mraba 3,245 hupata masalio. Hata jina lake huelezwa kwa Kipare hivyo: mko ni kijiko cha mti, mazi ni maji. Si jangwa kamili, lakini mtu wa Dar aliyezoea duka lenye friji kila kona ataona kama ni jangwa.

Kwa watu wawili, Jumamosi na Jumapili, hesabu ni hii: kunywa lita 5 kila mmoja kwa siku, jumla 20. Chai na kupika 4. Kunawa, mswaki na kujifuta vumbi 6. Rejeta na dharura 10. Hizo ni lita 40. Zibebeni kwenye madumu manne ya lita 10 badala ya mawili ya lita 20, kwa sababu dumu moja likipasuka mmepoteza robo tu. Madumu yaliyowahi kuwa na mafuta ya kula yaacheni nyumbani, harufu ile haiishi hata kwa maji ya moto. Usiku wa Alhamisi jazeni kila dumu, mlifunge, mlilaze ubavu juu ya gazeti kwa nusu saa. Gazeti likilowa usawa wa mdomo, angalieni kile kimpira cha ndani ya kifuniko: ama kimekatika, ama kimekaa upande. Geuzeni au badilisheni kifuniko, mjaribu tena. Uvujaji wa tone tone kwenye barabara ya makorongo unaweza kumaliza dumu zima kabla ya jioni. Na mzigo huu wa kilo 40 unakaa chini, umebanwa nyuma ya siti. Ukiuweka kwenye keria, gari linayumba kwenye kona.

Gari lenyewe liwe la juu, mfano RAV4 au Prado. Toyota IST itawafikisha Same bila shida, ila ndani ya hifadhi mawe yatagonga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mwenye gari dogo aliache mjini Same akodi la kuingilia. Ijumaa asubuhi pitieni kwa fundi pancha mpime spea, maana spea isiyo na upepo ndiyo kawaida ya magari ya Dar. Halafu legezeni nati zote za tairi moja kwa spana yenu wenyewe na mzikaze tena. Nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo mara nyingi hazifunguki kwa mkono, na ni heri mligundue hilo Sinza kuliko porini. Bebeni kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, kinene, cha kuweka chini ya jeki; bila ubao jeki inazama kwenye udongo na gari halinyanyuki.

Safari ni karibu kilomita 440. Ijumaa baada ya kazi msipite Kimara na Kibaha, foleni itawala saa mbili. Piteni Bagamoyo mtokee Msata, mshike barabara ya Segera. Laleni gesti Korogwe. Barabara ile usiku ina malori yaliyoharibika bila taa, kwa hiyo hamna sababu ya kulazimisha kufika Same saa nane za usiku. Vijijini mwendo ni 50, na askari wenye tochi wanajua pa kujificha.

Jumamosi jazeni tangi Same. Lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka hapo. Malipo hayapokelewi kwa noti mkononi: mnapewa kumbukumbu namba, mnalipa kwa simu au benki. Wekeni salio kwenye simu mapema na msitegemee mtandao wa mtu mmoja. Mmoja wenu awe na laini ya kampuni nyingine. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24 kwa kila mtu, gari lina lake, na kupiga kambi kunalipiwa kwa kila kichwa kwa usiku. Hapo ndipo watu wa ghafla wanapopoteza hela. Mkiingia saa 4 asubuhi Jumamosi, mnatakiwa muwe mmetoka saa 4 asubuhi Jumapili, kwa hiyo msiingie saa 2 kwa pupa halafu mkachelewa kutoka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, fungasheni kwa vikapu na vyombo.

Mkishaingia, punguzeni upepo wa tairi kutoka PSI 33 hadi 28 hivi na mwendo ushuke. Msitarajie makundi ya Serengeti. Hapa mnatafuta choroa, tandala mdogo, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu. Maji yake mengi anayapata humo humo kwenye majani.

Kambini fikeni kabla ya saa 11 jioni. Ndani ya eneo mlilopangiwa, kataeni sehemu tatu: chini ya matawi ya mgunga, kwenye njia iliyokanyagwa na wanyama, na kwenye korongo hata kama mchanga wake unavutia kwa ulaini. Mvua ikinyesha milimani, korongo linajaa huku kwenu anga ni jeupe. Ardhi ya kiangazi ni ngumu, vigingi vya bati vinavyokuja na hema vinapinda kama waya. Nunueni misumari kumi ya inchi 6 na nyundo; igongeni kwa mshazari, kichwa kikiinamia upande wa nje wa hema. Hema lisimamishwe mara moja sebuleni kabla ya safari, mgombane huko huko. Zipu ifungwe kila mnapotoka, kwa dakika moja pia: nge hapigi hodi.

Chakula kinapangwa kwa maji pia. Ugali unaacha ukoko, na ukoko unataka kulowekwa. Wali unataka mchele uoshwe. Pikeni chapati Alhamisi, chemsheni mayai na viazi vitamu, na maharage yaliyoungwa myagandishe kwenye chombo chenye kifuniko. Yatatumika kama barafu ndani ya deli na Jumamosi jioni mnayapasha tu. Chupa za maji za kugandisha zisijae hadi juu, barafu hutanuka. Kupashia, mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake unatosha. Usafirishwe umesimama, koki imefungwa. Mkaa una cheche, majani makavu yapo kila upande, na kuuzima vizuri kunakula lita 3 au 4 ambazo hamkuzihesabu. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa ubaridi: moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Mabaki yote ya chakula yalale ndani ya gari, vioo juu, la sivyo fisi atakuja kukagua.

Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi, na baridi hiyo inatoka chini. Godoro la kujaza upepo linapoza mgongo. Mkeka na sponji nyembamba juu yake ni bora, na blanketi mbili.

Kichwa kikiuma na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, maji hayajatosha. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunyweni kidogo kidogo, mkae kivulini.

Jumapili amkeni saa 11 alfajiri, kunjeni hema kwanza, zungukeni tangu kunapopambazuka hadi saa 3, kisha elekeeni lango. Same jazeni upepo wa lami kabla ya kukimbia. Mkirudi kwa njia ya Bagamoyo, pigeni hesabu ya kupita Tegeta kabla ya saa 12 jioni, maana wote waliokwenda kula samaki nao wanarudi.