Kupanda lobelia nyekundu penye majimaji ili ndege mvumaji aje

Wiki jana nilikuwa kwa jirani yangu, mama mmoja wa Tanga, hapa Columbus, Ohio. Nyuma ya nyumba yake, bomba la maji ya paa linapomwagia, hapakauki, na nyasi zimekataa kuota. Alitaka kupafukia. Nikamwambia, mama, hapo ndipo pa lobelia nyekundu (Lobelia cardinalis), ua la kando ya vijito vya nchi hii. Tulichopanga kufanya ni hiki.

Ndege mvumaji (hummingbird), anayefuata ua hili, hayuko Afrika. Kwetu kazi ya kunyonya maua anaifanya chozi. Huku mashariki mwa Marekani anayezaliana ni wa aina moja tu, dume lake lina koo jekundu, uzito kama gramu 3. Huja Aprili na Mei, na ikifika Septemba wengi wanaondoka kwenda Mexico na Amerika ya Kati. Lobelia huchanua Julai hadi Septemba, wakati anapotafuta mafuta ya safari.

1. Mahali. Jua la asubuhi, kivuli kidogo mchana. Changanya mboji.

2. Mbegu. Ni ndogo kama vumbi la ugoro. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa, uzikandamize kwa kiganja, basi. Usizifukie, zinataka mwanga. Mimi huzimwaga kwenye trei Novemba na kuiacha nje ipigwe na theluji. Njia ya friji, yaani kuzipa mbegu baridi hiyo ndani ya friji, inafaa, ila sioni haja ya kuhangaika nayo. Trei inyweshe kwa chini, maana ukimwagia juu mbegu zote zinakimbilia pembeni. Maua utegemee mwaka wa pili. Ukinunua miche, uliza kama imepigwa dawa ya wadudu. Ikiwa imepigwa, iache: ndege huyu hula wadudu wadogo na kuwalisha makinda yake.

3. Kuivusha baridi. Hapa ndipo nilipopoteza miche 11. Ua hili huitwa la kudumu, lakini shina lililochanua hufa. Kinachobaki ni machipukizi madogo kwenye kitako chake, majani yamelala chini kama mchicha mchanga, na hukaa na ubichi wake baridi yote. Mimi nilifuata mazoea ya huku, nikayafunika kwa matandazo ya magome unene wa kiganja. Machi nilipofunua, nilikuta ute mweusi.

Kwa hiyo, matandazo yasiguse machipukizi. Majani ya miti yakianguka juu yake, yaondoe kwa mkono, reki huyang'oa. Nenda ukague kila wiki hadi theluji ianguke, kwa kuwa mwaloni hudondosha majani kwa awamu. Barafu ikiyainua mizizi ikaonekana, yashindilie taratibu kwa vidole siku ya joto. Kila mwaka wa pili au wa tatu, yatenganishe wakati wa machipuko uyapande upya. Acha pia sehemu ya tope tupu karibu, mbegu zijioteshe zenyewe.

4. Tahadhari. Mmea wote ni sumu ukiliwa. Watoto wasitafune.

5. Agosti. Kaa hatua tatu tu kutoka kwenye maua, utulie. Utasikia mvumo kabla hujamwona ndege. Akiingiza mdomo, kile kishungi cheupe kilichoinama juu ya ua humgusa utosini, na akihamia ua la pili anakuwa ameibeba chavua kichwani.