Kukagua kiraka cha memory_failure: fuata data kwanza, kufuli baadaye

Kiraka (patch, yaani badiliko la msimbo) kinachogusa mm/memory-failure.c ya Linux, faili linaloshughulikia RAM iliyoharibika, nakisoma polepole kuliko kingine chochote. Kerneli, kiini cha mfumo, ikianguka, kila mtu ataona. Hapa hatari ni kubwa zaidi: RAM imeharibika, kerneli ikaendelea, na mtu akapewa salio la akaunti ambalo si sahihi. Basi kabla ya yote uliza: baada ya msimbo huu kumaliza kazi, kuna atakayesoma data mbovu au ya zamani akidhani ni nzima?

Chukua ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa baiti 4096 ulio kwenye akiba ya faili, yaani nakala ya data ya faili iliyo kwenye RAM. Kama unafanana na kilichoko kwenye diski, hakuna tabu; unatupwa, data inasomwa upya. Kama umebadilishwa na haujafika diski, data hiyo imekwenda. Kerneli huliwekea faili kosa la EIO (kosa la kusoma au kuandika) ili fsync(), wito wa kuhakikisha data imefika diski, ilitoe. Lakini kosa likishatolewa, atakayefungua faili baadaye atasoma toleo la zamani bila kuambiwa lolote. Kiraka kinachopanua mwanya huo nakikataa, hata kama kimeandikwa vizuri.

Kwa tmpfs, mfumo wa faili unaoishi kwenye RAM, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyuma yake hakuna faili la kwenye diski la kurudia. Ukurasa ukitupwa, msomaji anapata sifuri tupu. Ndiyo maana ukurasa mbovu wa tmpfs huachwa palepale kwenye akiba, na anayeugusa anapewa kosa. Hakikisha mwandishi wa kiraka hajauondoa kwa nia ya kusafisha.

Sasa kufuli, yaani kinachozuia wengine wasibadilishe ukurasa wakati unaushughulikia. memory_failure() inapokea namba ya fremu (mahali pa ukurasa kwenye RAM) na flags, si ukurasa wenyewe, na ukurasa wenyewe hausubiri: unaweza kuachiliwa au kuunganishwa kuwa ukurasa mkubwa wakati bado unauchunguza. Rejea (hesabu inayozuia ukurasa usiachiliwe) ichukuliwe kwanza, kisha kufuli, kisha ukurasa uthibitishwe tena kuwa ni uleule. Fuata kila goto (mruko ndani ya msimbo) kwa kalamu mpaka uone rejea na kufuli vimerudishwa.

Kwenye SIGBUS, ishara ya kosa la kumbukumbu ambayo kerneli huipelekea programu, BUS_MCEERR_AR maana yake prosesa imekutana na data mbovu ikiwa inaitumia, kwa hiyo programu isirudi kwenye maelekezo yale. BUS_MCEERR_AO ni taarifa ya mapema. Angalia pia si_addr_lsb, inayoonyesha ukubwa wa eneo lililoharibika kama kipeo cha 2: 12 kwa ukurasa wa kawaida, 21 kwa wa megabaiti 2. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, hutegemea ishara hizi kupeleka kosa kwa mashine iliyo ndani yake.

Mwisho jaribu mwenyewe, kwenye mashine pepe, ukiwa root (mwenye mamlaka yote): madvise() na MADV_HWPOISON, inayojifanya kuharibu ukurasa. Pitia kumbukumbu isiyo na faili, faili safi, faili lililobadilishwa, tmpfs na kurasa kubwa, huku ukitazama HardwareCorrupted, kiasi cha kumbukumbu kilichotiwa alama ya kuharibika, kwenye /proc/meminfo. Hesabu isipolingana na kurasa ulizoharibu, rudisha kiraka kwa mwandishi pamoja na programu yako ya majaribio.