Jinsi ya kujua Chiron, Eris na wenzao wako wapi kwa tarehe yoyote, wewe mwenyewe bila kulipa mtu

Hii naiandika baada ya kukaa na mama mdogo Jumapili nzima na laptop mezani. Yeye kazaliwa 1974, na kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu kamwambia Chiron "imerudi nyumbani" kwenye nyota yake, atume hela asomewe. Akaniuliza, mwanangu, hicho kitu kipo kweli huko juu au ni maneno tu?

Kipo mama. Chiron ni gimba dogo la angani, iligunduliwa 1977 na Charles Kowal kule Palomar, California. Inazunguka Jua kwa miaka kama 50, sehemu kubwa ya safari yake ikiwa kati ya Zohali na Uranus, ndio maana mtu akigonga hamsini inakuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa siku anazaliwa. Hesabu hiyo mnajimu na mwanaastronomia wanakubaliana kabisa. Ile maana ya "mganga mwenye jeraha" imetolewa kwenye ngano za Wagiriki na kuwekwa baada ya 1977, falaki ya wazee wetu inaishia Zohali. Mimi nafundisha kujua kilipo, mambo ya maana utaongea na wenyewe.

Hatua ya 1: Fungua Horizons

Nenda ssd.jpl.nasa.gov, tafuta Horizons. Ni huduma ya kukokotoa magimba ya angani yako wapi kwa tarehe unayotaka. Ni bure, ni ya JPL, maabara ya NASA, haitaki akaunti. Tumia kompyuta kama unaweza, kwenye simu jedwali linakatika katika. App za nyota za kwenye simu sizitumii kwa kazi hii hata kidogo, nyingi hazikwambii obiti walizoweka ni za mwaka gani. Hata Stellarium, ambayo naipenda sana kwa kuangalia anga, usipoisasisha data za magimba madogo zinapitwa na wakati na wewe hujui.

Aina ya jedwali chagua "Observer Table".

Hatua ya 2: Andika namba, usiandike jina

Chiron ni 2060. Na baada ya namba weka nuktamkato, yaani 2060; hivyo hivyo. Bila nuktamkato Horizons inadhani unataka sayari au mwezi. Ukiandika 5 peke yake unapewa mfumo wa Mshtarii, ukiandika 5; unapewa asteroidi Astraea, sasa ona tofauti. Na majina yanachanganya, kuna Chiron na kuna Charon ambayo ni mwezi wa Pluto, sisi tukitamka vinakaribiana mno, mama mdogo mara ya kwanza alichagua Charon na tukashangaa mbona iko buruji ya Dalu (ile ya Ndoo).

Pluto ni ya pekee, tumia 999 bila nuktamkato, ingawa tangu ishushwe kuwa sayari kibete 2006 ina namba yake ya asteroidi pia, 134340.

Hatua ya 3: Mahali

Acha "Geocentric". Kwa vitu vilivyo mbali hivi, uwe Tanga uwe Bujumbura haibadilishi kitu unachoweza kukiona kwenye jedwali.

Hatua ya 4: Muda

Horizons inasoma saa za UT, yaani saa ya dunia, ile ya Greenwich. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele, kwa hiyo toa 3. Lakini kabla ya kutoa 3 hakikisha umegeuza saa ya Kiswahili! Mama mdogo kazaliwa saa tatu asubuhi, hiyo ni 09:00, ukitoa 3 ni 06:00 UT. Yule wa kwenye grupu alimwandikia 03:00. Kwa Chiron haina shida kwa sababu kwa siku nzima inasogea dakika 3 au 4 tu za digrii, ila Mwezi kwa hayo masaa 6 unakuwa umesogea karibu digrii 3, na nyota inayochomoza inakuwa nyingine kabisa.

Weka tarehe ya kuanza, ya kumaliza, hatua siku 1.

Hatua ya 5: Safu za jedwali (hapa tafadhali soma taratibu)

Hapa ndipo mimi nilipotezaga usiku mzima wakati najifunza. Ukifungua "Table Settings" unakuta orodha ndefu ya namba. Kuna namba 18 na kuna namba 31, zote zinakupa longitudo ya ekliptiki, yaani ile njia ya Jua, na zote zinaonekana ndizo. Namba 18 ni ya mtu aliyesimama kwenye Jua. Namba 31 ni ya mtu aliyesimama Duniani. Chati ya kuzaliwa inatengenezwa kutoka Duniani, kwa hiyo unataka 31.

Mimi nilichagua 18, halafu nikafanya kitu ambacho niliona ni cha akili, nikajaribu tarehe ninayoijua. Nikachukua tarehe 8 Aprili 2024, siku ya kule kupatwa kwa Jua kulikoonekana Marekani, kwa sababu wanajimu wote waliandika Chiron ilikuwa digrii 19 Hamali karibu kabisa na Jua. Jedwali likanipa 19. Nikafurahi, nikaamini, nikaanza kujaza tarehe nyingine. Halafu tarehe 29 Desemba 2024, siku Chiron iliposimama na kugeuka kwenda mbele, programu ya unajimu inasema 19 na jedwali langu linasema karibu 22. Nikabadilisha saa, nikabadilisha mahali, nikafuta yote nikaanza upya, wapi. Nikadhani programu ya unajimu ndiyo mbovu, na hilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu Swiss Ephemeris inayotumiwa na wanajimu wengi imejengwa juu ya data za JPL hizo hizo.

Kumbe siku ya kwanza Jua lilikuwa katikati ya Dunia na Chiron, karibu mstari mmoja. Siku kama hiyo aliye kwenye Jua na aliye Duniani wanatazama upande uleule, lazima namba zifanane. Miezi mitatu pembeni zinaachana, kwa Chiron mpaka digrii 3, kwa Eris ambaye yuko mbali zaidi ni kama nusu digrii na kidogo. Kwa hiyo usijaribu kwa tarehe ambayo gimba liko karibu na Jua angani, haikuthibitishii kitu. Jaribu kwa tarehe kama ile ya Desemba. Na njia nyingine ya kujigundua, tazama namba za mwaka mzima, kama hazirudi nyuma hata mara moja ujue umeweka 18, maana kurudi kinyumenyume kunaonekana Duniani tu.

Tena usichukue ile safu ya R.A. ukadhani ndiyo longitudo, ni kipimo kingine kabisa. Ondoa tiki zote, weka 31 na 29 peke yake (29 nitaieleza Hatua ya 7).

Hatua ya 6: Geuza kuwa buruji

Gawanya kwa 30. Sifuri mpaka 30 ni Hamali, halafu Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Kwenye magazeti Hamali wanaiita Punda, ni ileile. Mfano 303.5, buruji 10 zimeisha zinabaki 3.5, hiyo ni Dalu digrii 3 dakika 30. Desimali izidishe kwa 60, 19.40 sio dakika 40, ni dakika 24.

Hatua ya 7: Linganisha na kundi la nyota

Safu ya 29 inakuonyesha kundi la nyota halisi ambalo gimba limo, na hapa wengi wanagombana bure. Buruji ni vipande 12 vya digrii 30 kuanzia pale Jua linapokuwa Machi usiku na mchana zikilingana, makundi ya nyota ni kitu kingine na yana ukubwa tofauti. Eris kwa hesabu ya buruji iko Hamali tangu miaka ya 1920, lakini safu ya 29 inaandika Cet, yaani Cetus, kundi ambalo halimo kabisa kwenye buruji, kwa sababu obiti ya Eris imelala kwa digrii 44 hivi na inaenda mbali na njia ya Jua. Majibu yote mawili ni sahihi, nilimwonyesha mama mdogo akaielewa hiyo kuliko mimi nilivyoielewa mara ya kwanza.

Namba zangu ninazotumia zaidi: Pholus 5145, Nessus 7066, Chariklo 10199, (huyu mdogo ana pete kama Zohali, zilionekana 2013 alipopita mbele ya nyota), Quaoar 50000, Orcus 90482, Haumea 136108, Makemake 136472, Eris 136199, Sedna 90377, Sedna yeye mzunguko mmoja ni zaidi ya miaka elfu 11, kwa hiyo weka hatua ya mwezi mmoja mmoja, ukiweka siku utajaza kurasa za namba zilezile.