Namna ya Kutembelea Kaole kwa Miguu Ukitokea Bagamoyo

Kijiji cha Kaole kiko takriban kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo, nawe waweza kukifikia kwa bodaboda, ingawa kutembea asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, ndiko ninakokupendekezea kwa dhati. Chukua maji ya kutosha, kofia na viatu vya kufunika vidole.

Ukiwa kwenye magofu ya kale ya Kaole usikimbilie kupiga picha. Anza na msikiti wa kale, ambao asili yake inahesabiwa kufika karne ya 13. Simama mbele ya mihrabu inayoelekea kaskazini, upande wa Makka, kisha utazame kuta kwa karibu, maana utaona vipande vya matumbawe vilivyoshikizwa kwa chokaa. Kwenye makaburi yenye nguzo, tafuta mashimo ya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Usipande juu ya kuta wala makaburi. Wamelala watu humo, na chokaa hiyo humomonyoka upesi.

Kabla ya kushukia mikokoni, waulize wavuvi saa za maji kupwa na kujaa.